Bakuli la Bi Odessa

Cleophus Rudd hakuwa akiingia nyumba ya mtu mpaka afunguliwe kutoka ndani. Hata kwa bintiye alibisha, akarudi nyuma, akasubiri mikono yake ikionekana. Pale mjini Macon watu walimtania, "Fundi mabomba gani wewe, unaogopa milango?" Naye alicheka nao. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nyoka alimuuma angali kijana, wiki aliyozikwa baba yake. Majirani walileta vyakula msibani, kila chombo kikiwa na jina la mwenyewe chini, na baada ya mazishi vyombo vikaanza kurudishwa. Chombo cha msiba hakirudi kitupu. Mama yake akajaza matunda ya pichi yaliyookwa katika bakuli la Bi Odessa Pruitt, akampa alipeleke. Bi Odessa alikuwa kazini, basi Cleophus akatoa ufunguo chini ya chungu cha maua, kama alivyozoea, akaingia jikoni. Lakini nyumba hii ilikuwa mpya; Bi Odessa alikuwa amehamia mtaa wa Wazungu juzijuzi tu, na huko mambo ya chungu cha maua hayakujulikana. Jirani akapiga simu. Polisi wakamkuta kijana mweusi katikati ya jiko, bakuli mikononi.

Bi Odessa aliwawakia kituoni mpaka wakamwachia jioni ileile. Cleophus akajua yamekwisha. Nani angejua vingine? Kumbe waliandika kukamatwa kwake, kuachiwa wakaona si habari.

Uzee ukamkuta, bintiye akafariki, na mjukuu wake Zariah akapelekwa kulelewa na watu baki. Watu wa ustawi wa jamii wakamwambia babu mtu, "Rekodi yako ya polisi inasema umevunja nyumba. Isafishe kwanza." Kila Zariah alipopiga simu, swali lilikuwa lilelile: "Babu, bado hujamaliza?" Akikata simu, Cleophus alilia.

Mahakamani hapakuwa na ushahidi wa maandishi, karatasi za zamani ziliharibiwa na mafuriko. Palikuwa na Bi Odessa tu, ajuza wa miaka tisini na ushei, kwenye kiti cha magurudumu, na kofia yake ya kanisani.

"Bibi, unaikumbuka siku hiyo?" hakimu akauliza.

"Nitaisahauje, mheshimiwa? Pichi zangu zililiwa na polisi!"

Watu wakaangua kicheko. Bi Odessa hakucheka.

"Mtoto huyu hakuvunja kitu. Alinirudishia bakuli. Mimi ndiye niliyemzoesha kuingia kwangu. Kama hilo ni kosa, niandikeni mimi."

Hakimu alivua miwani. "Hata kwetu, Bibi, bakuli halikurudi tupu." Akamtazama mwendesha mashtaka, naye hakuwa na pingamizi. Rekodi ikaamriwa ifutwe. Cleophus akainamia kile kiti cha magurudumu, akalia bila kujificha.

Zariah alipoletwa nyumbani, Bi Odessa aliwapelekea makaroni ya jibini katika bakuli lilelile. Jumapili babu na mjukuu wakalirudisha, limejaa pichi. Cleophus akabisha, akarudi nyuma, akasimama.

"Nani huyo?" sauti ikaita kutoka ndani.

"Mimi, Bi Odessa. Cleophus."

"Sasa unanibishia nini, na miguu yangu unaijua? Ufunguo uko palepale!"

Akakitazama chungu cha maua. Akayatazama madirisha ya majirani. Akampa Zariah bakuli alishike.

"Babu, ni zito," mtoto akasema.

"Cleophus!" Bi Odessa akaita tena, safari hii taratibu. "Mwanangu, nimekungoja tangu siku ile. Ingia."

Akapiga magoti, akainua chungu. Akafungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, akampisha mjukuu wake atangulie, naye akaingia.