Ndama Asiyekuwemo Kitabuni

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo, muhuri wa tarehe na rafu tatu za vitabu. Mkutubi wa Wilaya, mama mkali mwenye miwani mizito, alinifundisha kuainisha, yaani kupanga vitabu kwa namba za masomo, na kubandika mfuko wa kadi ndani ya jalada la nyuma ili ijulikane nani kaazima nini. Baada ya wiki moja maktaba yetu ya Karatu ilinyooka kama paredi ya mgambo. Kasoro ilikuwa moja: sikuwa nimesoma hata riwaya moja.

Mwaka wa pili, likizo yangu ilipokaribia, mama yule aliniita.

"Ukirudi, Mkutubi wa Mkoa anakuja kukusaili. Atauliza riwaya. Ukishindwa, huthibitishwi kazini."

Kule kwetu Kansay nilishajitangaza kuwa mwajiriwa wa kudumu, tena kwa mbwembwe.

Nikajaza riwaya tisa kwenye gunia, nikaenda likizo. Julai ile kulikuwa na baridi na ukungu, na uani mahindi yalikuwa yamerundikana. Mama yangu hakuona sababu ya mtu mzima kukaa akitazama karatasi.

"Kama ni lazima usome, soma kwa sauti," alisema, "na mikono ipukuchue."

Basi nikaegemeza kitabu kwenye debe, nikawa nasoma na kuwatafsiria kwa Kiiraqw yeye na majirani, huku nikigeuza kurasa kwa kiwiko. Riwaya nane zilipita salama. Ya tisa ilimhusu Sabina, aliyeozwa kwa mzee, akatoroka na fundi cherehani. Mwishoni walipanda basi, wakaondoka. Nikafunga kitabu.

"Na ng'ombe wa mahari?" mama akauliza.

"Kitabu hakisemi."

Mikono yote ikasimama. "Mtu atorokewe na mke, na ng'ombe wasirudi? Soma vizuri, baba."

Nikafungua tena, nikasoma ukurasa ambao haukuwemo. Ng'ombe walirudishwa wote. Jirani mmoja akadai kwamba mmoja lazima alikuwa ameshazaa, na hapo ukazuka ugomvi wa ndama hadi jioni. Mama ndiye aliyeamua: ndama kazaliwa kwa baba yake Sabina, kachungwa kule, anabaki kule. Mahindi yakaendelea.

Siku ya usaili Mkutubi wa Mkoa, mzee wa Singida asiyecheka, alichagua riwaya hiyohiyo.

"Inaishaje?"

"Ng'ombe wanarudishwa, mzee," nilijibu bila kusita, "isipokuwa ndama."

Alipekua kurasa za mwisho, mbele na nyuma. "Ndama yuko ukurasa gani?"

Nikaungama yote, pamoja na debe na kiwiko. Akafunga kitabu.

"Mama yako kakosea," alisema. "Ndama hufuata mama yake."

"Hapana, mzee. Kachungwa kule."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kumbishia. Aliondoka bila kuaga, nami nikaanza kuwaza jembe.

Baada ya mwezi barua ilifika. Nilikuwa nimethibitishwa. Pembeni palikuwa na maandishi ya penseli: "Nimewauliza wazee wa kwetu. Ndama anabaki." Mama aliposomewa, alisema tu kwamba angeulizwa yeye mapema, wasingepoteza mwezi mzima.

Baadaye nilihamishiwa Ngorongoro, kuwapelekea askari wa wanyamapori vitabu kwa sanduku. Wamaasai wa kule niliwasimulia riwaya ile, na kabla hawajauliza kama Sabina alikuwa mzuri, waliuliza rangi ya ndama. Niliwaambia mwekundu.

Nilistaafia Karatu. Siku ya mwisho nilikitafuta kitabu kile, kikiwa kimechakaa, nikakisoma peke yangu hadi pale basi linapoondoka. Mama alikuwa ameshafariki, na nilimkumbuka mno. Miaka yote nimewagombeza watu kwa kuandika ndani ya vitabu vya maktaba. Nilichukua penseli, nikaandika chini ya mstari wa mwisho: "Ndama alibaki." Kisha nikapiga muhuri wa tarehe, nikakirudisha rafuni.