Nilimjazia Rafiki Yangu Wateja wa Uongo

Nimekosa. Naanza hapo ili usije ukanihurumia kabla hujasikia nilichofanya. Hakuna aliyenilazimisha. Ni mimi mwenyewe, na akili zangu timamu, niliyemharibia maisha mtu aliyeniita dada.

Jina langu sitalitaja. Wanaonijua pale mtaani Jericho, Nairobi, watanitambua tu, na wakinitambua, sawa, nimestahili.

Mimi na Mwende tumekua pamoja. Ploti moja, shule moja, kwaya moja. Mama yake alifariki tukiwa wadogo. Baba yake, fundi wa kuchonga mbao mwenye karakana yake Pumwani, alitulea sote wawili. Mamangu akichelewa kazini, nilikula kwao. Majirani walimwita Baba Mwende. Mimi nilimwita Baba, basi.

Tulipokuwa watu wazima, Mwende alipata kazi ya mapokezi katika kliniki moja. Kazi ya kudumu, yenye bima na likizo. Mimi nilikuwa nikipokea simu za wateja katika kampuni fulani hadi ilipofunga milango, nikajikuta nalala sebuleni kwa dada yangu. Shemeji hakuwahi kunisema, lakini alikuwa anapumua kwa nguvu kila akinikuta kwenye kochi. Unajua ile pumzi!

Ndipo Mwende akaja na wazo. Maduka mengi siku hizi yana tovuti. Alitaka tuweke kidirisha kidogo pembeni mwa tovuti, mteja aandike swali, na mtu amjibu hapo hapo. Duka dogo haliwezi kumwajiri mtu wa kukaa akingoja maswali. Sisi ndio tungekaa, nyumbani kwa Mwende, tujibu kwa niaba ya maduka yote hayo, na wao watulipe kila mwezi. Kwa kweli lilikuwa wazo la mtu mwenye kichwa.

"Wewe ndiye unajua mambo ya wateja," aliniambia. "Nipimie hii kitu, siz. Ukiniambia haiwezi, nabaki kliniki na sitalia. Lakini niambie ukweli."

Niambie ukweli! Hakuniomba kitu kingine.

Tukakubaliana kujaribu na karakana ya Baba kwanza, kwa sababu binamu yao alikuwa amemtengenezea tovuti yenye picha za viti na meza zake. Mwende akachukua likizo, akaketi mbele ya kompyuta kungoja wateja. Kazi yangu ilikuwa kutazama na kumwambia kama kuna biashara.

Siku za mwanzo, kimya. Lakini sikiliza hapa. Kila nikipita karakana, nilikuta simu ya Baba hainyamazi! Watu walikuwa wanafungua tovuti, wanaona picha, wanaona namba, wanapiga. Mtu wa huku kwetu anataka kusikia sauti. Anataka akwambie "fanya vizuri, mzee wangu" na asikie ukicheka, ajue bei itashuka. Kidirisha chetu walikipita tu.

Nilijua. Nilikuwa nimepokea simu za watu hao miaka mingi, sikuhitaji kufunzwa na mtu. Jibu la Mwende lilikuwa mdomoni mwangu: haiwezi, angalau si hapa, si kwa sasa, baki kliniki.

Sikulisema. Nilikuwa nataka sana kuondoka kwenye lile kochi! Nilikuwa nimeshajiona na kiti changu, dawati langu, nikiulizwa nafanya kazi wapi na mimi nina la kujibu. Na Mwende naye alikuwa ameanza kunyong'onyea, anasema labda wazo lenyewe ni bure. Nikajidanganya kwamba namtia moyo.

Unajua jinsi tunavyofanya tukiwa na harambee kanisani. Ukumbi ukiwa mtupu, unapigia watu simu waje wajaze viti, ili mgeni wa heshima akiingia akute pamejaa. Hakuna anayeona ni uongo. Ni kusaidiana. Basi Jumapili, baada ya mazoezi ya kwaya, nikawavuta kando wenzangu wachache, Mwende akiwa hayupo.

"Niaje watu wangu, nisaidieni. Ingieni kwa tovuti ya Baba Mwende mwandike kama wateja."

"Tuulize nini sasa?" akauliza mmoja wa sauti ya kwanza.

"Uliza bei tu."

"Na nikijibiwa?"

"Sema utapita."

Wakacheka, wakakubali. Na kwa nini wakatae? Kila mtu hapa Nairobi husema atapita.

Jamani, furaha ya Mwende! Alinipigia simu papo hapo. Wanaandika! Wanauliza! Ningeishia hapo labda ningesamehewa. Lakini niliona maswali ya wenzangu yanafanana mno, nikaogopa atashtuka. Nikaamua kuandika moja mwenyewe, la maana.

Nikajiita Mama Shiku wa Donholm. Nikaandika kwamba mama yangu ni mzee, magoti yamemshinda, hawezi kuinuka kwenye viti vya chini, na ninatafuta kiti kirefu cha mbao chenye mahali pa kushika. Mwende akampigia Baba. Baba akauliza kama yanauma magoti yote mawili au moja, ili ajue mkono upi wa kiti autie nguvu zaidi. Mwende akaniandikia swali hilo, kwa heshima zote, "Pole sana kwa mama." Na mimi, nimeketi kwa dada yangu na chai mkononi, nikajibu: yote mawili, lakini la kulia limezidi.

Mungu wangu! Niliandika hivyo. Kwa vidole hivi.

Kisha nikasema nitapita kukichukua.

Mwende aliponiuliza hukumu yangu, nilimtazama machoni. "Itasimama," nikamwambia. Akanikumbatia. Jumatatu akapeleka barua ya kuacha kazi.

Tulipata maduka mawili kwa kuwaonyesha yale maongezi ya uongo. Halafu hakukutokea kitu. Mwende alikuwa anaamka, anaoga, anavaa vizuri, anaketi mbele ya kompyuta, na hakuna anayeandika. Nikienda nilimkuta ameketi wima na mikono yake mezani. Alikuwa anaogopa hata kwenda jikoni asije akakosa mteja. Maduka yakajitoa, moja baada ya lingine, bila ugomvi. Alirudi kliniki kuuliza, akakuta msichana mwingine ameketi mahali pake. Akajilaumu mwenyewe. Aliniambia, "Wewe ulinipimia vizuri, mimi ndiye nimeshindwa kuendesha." Na mimi nikanyamaza! Nikamwacha aamini hivyo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Akahama, akaenda kuishi kwa shangazi yake Machakos, anamsaidia kuuza nguo za mitumba.

Baada ya Mwende kwenda, nilipita karakana kumsalimia Baba. Nilimkuta na mteja, mwanamume mmoja aliyekuwa akizunguka kiti kirefu cha mbao, kizuri, mikono yake imelainishwa hadi inang'aa. Alikitaka pale pale.

"Hicho kina mwenyewe," Baba akamwambia.

"Lakini mzee, kina vumbi. Huyo mwenyewe yuko wapi?"

"Atakuja. Anauguza mama yake. Nitakuchongea kingine."

Yule mtu hakungoja. Akaenda kwa fundi wa jirani. Baba akachukua kitambaa, akakipangusa kile kiti, polepole, upande wa kulia.

Nilikitambua kile kiti. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama hapo kwenye maranda: kwaya, Mama Shiku, magoti, kazi ya Mwende. Nililia hadi fundi wa jirani akachungulia. Baba alikuwa ananisikiliza bado ameshika kitambaa.

"Kwa hivyo hakuna mama mgonjwa?"

"Hakuna, Baba."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa."

Akashusha pumzi. "Mungu ashukuriwe. Nimekuwa nikimwombea kila asubuhi."

Nikadhani nimesamehewa. Nikapiga hatua nimshike mkono. Akaurudisha nyuma.

"Umwambie Mwende wewe mwenyewe," akasema. "Asiendelee kufikiri alishindwa. Na mimi usiniite Baba tena."

Hakupaza sauti. Angenipiga ingekuwa afadhali!

Nilimpigia Mwende, hakushika. Nikamwandikia kila kitu, sikujipendelea. Naona amesoma. Hajajibu, na sijui kama atajibu. Naangalia simu nikiamka, nikiwa kwenye foleni ya maji, nikiwa kanisani wakati wa sala. Kwaya nimeacha. Sikuweza kusimama tena na wale niliowafundisha kusema watapita.

Wewe unayesoma, sikia. Mtu wako akikuletea wazo lake akakuomba ulipime, usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa. Usimjazie viti. Kama umeona halitasimama, mwambie siku hiyo hiyo, hata akikasirika, hata akikuita mwenye wivu. Atakasirika akiwa bado na kazi yake. Mimi niliogopa kumwona Mwende akiwa na huzuni ya jioni moja, na sasa sina Mwende, wala sina mtu wa kumwita Baba.