Siku Niliyogoma Kuiita Sebene

Naona haya hata kuwasimulia hii, na mkitaka kucheka chekeni, lakini mimi mwenyewe sijawahi kuicheka.

Mnajua napiga ngoma kwenye bendi yetu ndogo hapa Kolwezi. Mwimbaji wetu, Trésor, alifiwa na mdogo wake aliyefukiwa na udongo akichimba kobalti kule Mutoshi, akaniletea maneno ya wimbo wa kumlilia, maneno matupu, hayana mwendo, tukahangaika nayo wiki mbili mpaka nikayapatia mdundo wa mtalimbo unaogonga jiwe, ndipo yakakaa sawa. Halafu siku ya kuondoa matanga, mchana kweupe, mbele ya ukoo mzima, akashika maikrofoni akasema: "Hii wimbo ni mi mwenyewe nilitunga."

Mi mwenyewe! Moyo ukaniwaka. Badala ya kumeza (ningemeza tu, jamani), nikaamua kwamba tukifika kwenye sebene, pale gitaa linapochangamka na watu wanainuka kucheza, sitapiga ile ngoma inayoliita gitaa liingie, tuone huyo mtunzi atafanya nini.

Tukafika. Nikalaza vijiti mapajani. Gitaa likarudia palepale mara moja, mara mbili, likingoja kuitwa, mpigaji ananikodolea macho, besi ikanyamaza, Trésor akabaki mdomo wazi. (Nakiri, kwa sekunde chache nilijiona mkubwa.)

Ndipo mama yake Trésor akainuka, akaja mpaka nilipokaa, akakikumbatia kichwa changu. "Lia, mutoto wangu, lia tu. Kumbe ulikuwa unamupenda hivi?" Akashika ncha ya kitenge anifute machozi, na machozi yenyewe hayapo, uso mkavu kabisa, nikaogopa atagundua, basi nikalia. Yaani nikajifanya nalia, kwa sauti, mabega yanatikisika, na wanawake wote wakaitikia, matanga tuliyokuja kuyaondoa yakaanza upya, na simu zinarekodi.

Trésor peke yake hakulia. Tulipokuwa tunakunja nyaya akaniuliza polepole: "Sasa wimbo ni ya nani?"

Nikaendelea kukunja waya wangu.

"Kamata yote, ndugu. Mi sitaiimba tena."

Na kweli hajauimba tena, na mimi peke yangu nina mdundo tu, nao bila yale maneno ni kelele. Siku hizi mtu akininyima sifa namwambia hapo hapo kwa mdomo, na nimeapa vijiti vyangu havitasimama tena katikati ya wimbo wa mtu. Lakini nimechelewa. Kila Jumapili baada ya misa yule mama ananishika mkono kwa mapenzi yote, ananiuliza: "Mutapiga tena siku gani ile wimbo ya mutoto wangu?" Nami namjibu, "Karibuni, mama," naangalia chini.