Vidonge Nyuma ya Ghala

Nilipoolewa Asembo Bay, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa msichana wa Butere asiyejua Kiluo zaidi ya kusalimu. Mume wangu alifanya kazi kiwandani Kisumu na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akala samaki, akalala, akarudi. Nilibaki na mama yake. Tulizungumza Kiswahili, chake cha sokoni na changu cha shule, na mambo mengi yalikwama katikati. Upweke ule, jamani! Kuna siku niliongea na kuku.

Nilipopata mimba, mama mkwe ndiye aliyenipeleka kliniki, kwa miguu. Nesi akanipa vidonge vya malaria, nimeze kila wiki. Nilikionja kimoja nikashtuka. Kwetu kila msichana alijua kwamba dawa chungu huangusha mimba. Waliotaka kuzitoa walimeza vidonge kama hivyo kwa wingi, kwa siri. Sasa huyu nesi ananitakia nini? Isitoshe, sikuwa na homa hata kidogo. Basi kila Jumapili mama mkwe aliponiletea vidonge na kikombe cha maji, niliviweka chini ya ulimi, nikanywa maji, kisha nikaenda nyuma ya ghala kuvitema. Kuku walividonoa mara moja wakaviacha. Nilijiona mjanja kuliko serikali nzima.

"Umemeza?" aliniuliza kila mara.

"Nimemeza, mama."

"Mzuri. Nyathina, wewe ni mtu ya kusikia." Nyathina, yaani mwanangu. Hilo neno nililielewa.

Mtoto wa kiume alizaliwa, miezi imetimia, lakini mdogo mno. Nguo tulizomwandalia zilimmeza. Homa ilimpata kabla hajajua kucheka. Ikaondoka, ikarudi, damu ikapungua, viganja vikawa vyeupe. Mama mkwe ndiye aliyemwosha kila asubuhi uani, kwa maji ya moto na mikono iliyojua kazi. Asubuhi moja upepo wa ziwa ulivuma mtoto akiwa bado kwenye beseni. Jioni homa ilipanda. Siku ya tatu tulimzika.

"Ni mimi," mama mkwe alisema. "Mimi nilioga yeye kwa upepo. Baridi ikaingia."

Nilimwamini, na afadhali niseme ukweli, nilimchukia kidogo.

Mimba ilikataa kwa miaka kumi na zaidi. Nilihamia Kisumu kwa mume wangu, na huko ndiko ilikoshika tena, miaka ya tisini ikielekea mwisho. Nesi wa kliniki alinipa vidonge vitatu na maji. "Meza hapa nikiona, mama."

Nikamwuliza vya nini, na mimi si mgonjwa. Akanieleza bila haraka: malaria hujificha kwenye kondo la nyuma, mama anatembea mzima, kumbe mtoto tumboni ananyimwa chakula. Huzaliwa mdogo, bila nguvu ya kupambana na homa. Tena mimba ya kwanza ndiyo huumia zaidi.

"Na baridi?"

"Baridi hailetagi malaria, mama."

Nilimeza vyote vitatu. Kisha nikakaa kwenye benchi la nje nikalia, wanawake wenzangu wakidhani nimeambiwa habari mbaya ya tumbo hili.

Msichana alizaliwa mzito, mkono unachoka kumbeba. Mama mkwe akaja na basi la asubuhi, na omena, dagaa wa ziwani, kwenye mfuko, na beseni jipya. Nilichemsha maji nikampa mtoto amwoshe. Akaficha mikono ndani ya leso yake.

"Oga yeye wewe, nyathina. Mkono yangu si mzuri kwa watoto."

Maneno yalikuwa tayari mdomoni mwangu: vidonge, ghala, kuku. Miaka yote hiyo alikuwa amebeba mzigo wangu, na sentensi moja tu ingemtua. Lakini niliogopa. Katika ndoa yangu yote, yeye peke yake ndiye aliyeniita mwanangu, na sikuwa na mwingine. Nikayameza maneno, safari hii kweli.

Nilipiga magoti nikamwosha mtoto mwenyewe. Mama mkwe alisimama mlangoni, leso ameitanda kwa mikono miwili, akituzibia upepo.