Siku Nilipoficha Kuvu kwa Vitenge

Hapa Evere, mtaa wa Brussels, nikiingia dukani kwa yule Mmoroko wa jirani na kituo cha basi, bado kuna watu wanaoniona wakainamisha kichwa ili wasicheke, na siwalaumu, maana hata mimi nikikumbuka najiziba uso kwa mtandio. Bora mkasa huu muusikie kwangu mwenyewe kuliko kwa wale wa ghorofa ya nne, wao wanaongeza chumvi (ati nililia. Sikulia, ilikuwa plasta imeniingia machoni).

Jengo letu ni mojawapo ya yale marefu ya nyumba za serikali. Limejaa Wakongo wa Lubumbashi, Warundi kama mimi (mimi ni wa Buyenzi, Bujumbura, na najivunia), Wamoroko, pamoja na wazee wachache wa Kibelgiji ambao wameshatuzoea. Chini kabisa kuna ukumbi ambao sisi wote tunauita salle. Zamani humo watu walifanya arusi, akika, mazoezi ya kwaya, kila kitu, halafu bomba likapasuka ndani ya dari, joto likakatika, ukuta wa nyuma ukaota kuvu nyeusi kutoka chini mpaka juu, na wenye jengo wakapiga kufuli wakasema pesa ya matengenezo hakuna.

Thamani ya salle tuliijua vizuri msimu wa baridi uliofuata, Maman Béa alipofiwa na mdogo wake kule Lubumbashi. Maman Béa ni jirani yangu, mlango wake unatazamana na wangu, na akikaanga vitunguu mimi ndiye wa kwanza kujua. Watu wa matanga walikuja kutoka kila upande wa Brussels, wengine Woluwe, wengine Berchem, na sebule yake ina nafasi ya kochi moja na friji basi. Watu wakakaa kwenye ngazi. Wazee na makoti yao, vikombe vya chai mkononi, wanajibana ukutani kila mtu wa juu anapotaka kupita na mbwa wake. Nilimwona Maman Béa akishuka ngazi zile kupokea pole, anatafuta pa kukanyaga katikati ya miguu ya watu waliokuja kumlilia. Iliniuma sana, na sikusahau.

Kwa hiyo tuliposikia kwamba kuna fungu la pesa za serikali za kukarabati nyumba na sehemu za pamoja za mitaa, na kwamba ofisi ya mipango ya mji inapokea maombi, kamati yetu ya wakazi haikulala. Mwenyekiti wetu ni Papa Ilunga, mstaafu wa reli, mtu wa suti na tai hata akienda kutupa takataka. Ofisi ikamtuma Madame Lieve kuja kutueleza utaratibu. Ni Mflamandi, yaani Mbelgiji wa upande wa Kiholanzi, mpole, miwani inaning'inia kifuani. Akasema kwa Kifaransa kwamba maombi ni mengi kuliko pesa, kwa hiyo watatembelea kila mahali waone hali ilivyo, na palipoharibika zaidi ndipo patakapotangulia. Mimi ndiye niliyewatafsiria akina mama wazee kwa Kiswahili, neno kwa neno, tena kwa msisitizo. Kwa mdomo wangu mwenyewe! Hilo mliweke akilini.

Siku ya ukaguzi ikafika. Wenye jengo walikuwa wametufungulia kufuli, na asubuhi nikashuka na ufagio nifagie kidogo tu, mgeni asikanyage vumbi. Nikafagia, nikasimama, nikautazama ule ukuta wa nyuma. Nikawaza, huyu mama wa watu atakaa hapa, tumpe chai, na huku kuvu inamkodolea macho? Jamani, mimi nimelelewa na mama ambaye mgeni akibisha hodi hata nguo zilizoanikwa uani zilianuliwa kwanza. Nikapanda juu, nikachukua kitenge changu kizuri chenye maua ya manjano, nikakigongelea misumari midogo juu ya lile doa kubwa. Kitenge kimoja. Nilipanga kuishia hapo, wallahi.

Maman Béa akaingia, akashika kiuno. "Eh, ni muzuri, lakini sasa ile ingine inaonekana buchafu zaidi. Bageni ba Leta banakuya, tubakalishe mu hii hali? Haiwezekane!" (Leta kwao ndiyo serikali.) Akapanda kwake akarudi na vitenge vyake, vile vya sanduku, ambavyo hata kanisani havivai. Ukuta mzima ukafunikwa. Tukiwa bado tunajipongeza, Papa Ilunga akafika, akatazama dari inapodondosha maji kwenye ndoo, akakunja uso. "Muntu akuye kwetu akute maji inatonya? Jamais!" Bon, ndoo haikuweza kuondolewa, kwa hiyo tukaipandisha juu ya stuli, tukaizungushia kitambaa cha lesi, tukatia taulo ndani ili matone yasilie, kisha tukachomeka maua ya plastiki. Mgeni angeona chombo kikubwa cha maua, na maua yanapata maji yake kimya kimya.

Baada ya hapo hatukujizuia tena. Baridi ya mle ndani ilikuwa ya kutoa moshi mdomoni, kwa hiyo watu wakaleta hita zao za umeme na taa za kuazima, na Papa Ilunga akavuta waya mrefu kutoka kwake ghorofa ya kwanza ukapita dirishani. Harufu ya kuvu nikaimaliza kwa udi wangu wa Idi. Makochi yakashuka, mazulia yakashuka, mimi nikakaanga sambusa, Maman Béa akapika sinia la pilau ambalo nilimfundisha mwenyewe (sasa analipika kunishinda). Tulipomaliza tulisimama mlangoni tukatazama kazi yetu, na nakwambieni, hata bibi harusi angetaka kuingilia pale. Hakuna aliyekumbuka lile neno la palipoharibika zaidi. Hata mimi mtafsiri, wapi!

Madame Lieve akaja na mwenzake, mwanamume mrefu mwenye kamera shingoni. Tukawapokea kwa vigelegele. Akavua koti kwa sababu ya joto, akavuta pumzi, akasema kwa Kifaransa kwamba pana harufu nzuri, akakaa kwenye kochi la Papa Ilunga, akala sambusa, akala nyingine, akamsifia Maman Béa pilau. Papa Ilunga akatoa hotuba ndefu ya shukrani. Mimi nilikuwa nimevimba kwa fahari, nimevaa dirac yangu ya rangi ya zambarau, nazunguka na birika.

Basi nikawa namimina chai nyuma yao. Madame Lieve akamwinamia mwenzake, wakaanza kunong'ona kwa Kiflamandi. Sasa, katika jengo zima, ni mimi pekee katika watu wetu ninayekijua Kiflamandi, kwa sababu nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani na wazee wangu watatu ni Waflamandi wasiotaka kusikia Kifaransa hata wakiumwa. Nikamsikia vizuri kabisa akisema, "Mahali hapa pako katika hali nzuri sana. Lile jengo la Berchem ndilo linalohitaji zaidi. Hawa wanaweza kungoja." Mwenzake akakubali kwa kichwa, akafunika kamera yake. Hakuwa amepiga hata picha moja.

Chai ikafurika kikombeni ikanichoma vidole.

"Banasema nini?" Papa Ilunga akaniuliza, uso unang'aa. Nami kwa woga nikajibu, "Wanasema ni pazuri." Nyie! Watu wote wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele tena. Tunajishangilia kwa kunyimwa! Na katikati ya makofi nikamwona Maman Béa anavyopiga kwa mikono miwili, anacheka, na ngazi zile zikanijia kichwani, na makoti, na vikombe, na mbwa.

Madame Lieve alikuwa tayari anatia mkono mmoja kwenye koti. Sikujipa muda wa kufikiri. Nikaweka birika chini, nikapanda juu ya kiti na dirac yangu, nikashika kitenge changu cha maua ya manjano nikakivuta.

Papa Ilunga alidhani nimepandwa na kitu. Akaruka (mzee yule, na tai yake) akashika ncha ya pili.

"Maman Zena! Weye uko nafanya nini? Bageni beko hapa!"

"Papa Ilunga, achia! Wanatunyima!"

"Banatunyima nini? Si balisema ni muzuri?"

"Ndiyo hiyo shida! Pamekuwa pazuri mno!"

Tukavutana. Mimi juu ya kiti, yeye chini, kitenge katikati, wageni wamesimama na midomo wazi. Sasa ule ukuta ulikuwa umelowa miezi na miezi, plasta yake imebaki kuning'inia tu, na sisi tulikuwa tumeupiga misumari kila mahali. Ukatoa mlio kama mtu anayekohoa, kisha plasta ikashuka yote pamoja na vitenge vya sanduku, ikanimwagikia kichwani, ikafunika sinia la pilau, na Papa Ilunga aliporudi nyuma kujiokoa akaigonga stuli kwa makalio. Chombo cha maua kikapinduka. Maji meusi ya dari, taulo na maua ya plastiki vikaenda vyote kwenye viatu vya Madame Lieve. Mtu akapiga kelele, "Courant! Courant!" yaani umeme, maji yalipokuwa yanaelekea kwenye hita, waya ukang'olewa, taa tulizoazima zikazimika nao, na baridi ikaingia palepale.

Kutoka darini tukasikia tone, halafu tone, safari hii likigonga sakafu bila taulo la kulinyamazisha. Mimi bado nimesimama juu ya kiti, mweupe kuanzia utosini mpaka kwenye kope, mdomo wazi, mkononi nimebaki na kipande cha kitenge.

Madame Lieve alivaa miwani akautazama ukuta uliobaki uchi, mweusi tii. "Lakini kwa nini mlificha?" akaniuliza kwa Kifaransa. "Mimi nimekuja kuuona huu!"

Nikamjibu kwa Kiflamandi, "Kwa sababu wewe ni mgeni wetu."

Hapo yeye naye akawa mwekundu mpaka masikioni, maana alielewa kwamba nilisikia kila kitu. Tukabaki tunatazamana, waliofedheheka wawili. Ndipo Maman Béa akajongea mbele. Alianza kwa Kifaransa, kisha akageukia Kiswahili chake.

"Mi nililia ndugu yangu ku escalier, Madame. Bantu balikuya kunifariji, hakukuwa fasi, balikala ku escalier, na mi napita katikati ya miguu yabo. Hii salle ilikuwa hapa chini, na kufuli." Akapangusa macho na kiganja. "Tuliogopa utuone bachafu. Njo vile."

Nikatafsiri kwa Kiflamandi, na safari hii sikupunguza wala kuongeza. Madame Lieve akaenda mpaka ukutani, viatu vinapiga chwa chwa, akaweka kiganja juu ya kuvu, akakiacha hapo kidogo. Kisha akamwambia mwenzake afungue kamera. Yule bwana akapiga ukuta, akapiga dari, akapiga sinia la pilau lenye plasta, na kabla sijakumbuka kushuka kwenye kiti, akanipiga mimi.

Papa Ilunga alininunia. Alinipita kwenye lifti kama nguzo, na niliumia, kwa kuwa najua alivyotaka siku ile iwe ya heshima. Lakini habari ilipokuja kwamba salle yetu imepita, yeye ndiye aliyekuja kubisha mlangoni kwangu, suti kamili, akanishika mikono miwili. Tena na jengo la Berchem lilipita pia, na kwa hilo nilifurahi kweli, kwa sababu ningekuwa nimewapokonya wenzangu kwa vurugu zangu.

Kilichonimaliza ni ule ubao. Mafundi walipoanza kazi, ofisi ya mipango iliweka ubao mkubwa mbele ya jengo, upande wa barabara ambako mabasi yanapita, wenye picha mbili. Moja ni mchoro wa salle itakavyokuwa, mbao safi, madirisha mapana. Nyingine ina ukuta mweusi, na mbele yake kuna mwanamke mweupe pee kwa plasta, juu ya kiti, mdomo wazi. Juu yake wameandika kwa herufi kubwa AVANT, yaani hali ilivyokuwa kabla. Walikuwa wameniomba ruhusa, nikakubali bila kuuliza ni picha ipi (hata hapo sikujifunza). Tangu siku hiyo hakuna anayeniita Maman Zena. Ni Maman Avant, kuanzia duka la Mmoroko mpaka msikitini.

Juzi Maman Béa amefanya kumbukumbu ya mdogo wake ndani ya salle. Joto lilikuwepo, dari kavu, ukuta mweupe. Watu walewale wa makoti walikuja, wakavua makoti, wakakaa kwenye viti, kila mtu na kiti chake. Mimi nilikuwa nahangaika na vikombe, Maman Béa akanishika mkono akavuta kiti kilichokuwa kando yake. "Maman Avant, ikala sasa." Nikakaa. Aliegemeza kichwa chake begani kwangu, tukasikiliza watu wakiongea habari za marehemu, na ngazi kule nje zilikuwa tupu.

Mimi nimeapa: mtu wa serikali akija tena kutazama kilichoharibika, nitafungua mlango, nitawasha taa na nitakaa kimya. Sambusa nitakaanga. Hapo msiniombe zaidi.