Moshi Nyuma ya Ukumbi

Mwaka jana, rafiki yangu, wateja wenye mradi mpya waliweka kielelezo cha kadibodi juu ya meza kubwa ya ofisini kwetu, nami nikajikuta nimeukumbatia mkoba wangu kifuani kama mtoto wa shule. Mimi ni msanifu majengo, vielelezo vya namna hiyo nimeviona hadi nikavichoka. Hiki kilikuwa cha mtaa wetu, ule ulio nyuma ya Soko la Burma, soko la nyama, alikonilea nyanya. Katikati walikuwa wameweka ukumbi wa mtaa, mdogo kama kiberiti, na vigae vyake vyekundu wamevipaka rangi kwa uangalifu. Kuuzunguka ilisimama minara mitatu ya ofisi, yote inang'aa. Na nyuma ya ukumbi, pale penye uwanja wa vumbi, palikuwa na mteremko wa kuingizia magari chini ya ardhi. Vigari vidogo vilikuwa vimebandikwa kwa gundi, vinashuka.

Ngoja nikueleze habari za ule uwanja, ndipo utaelewa kwa nini nilishika mkoba.

Tulikaa chumba kimoja, babu, nyanya na mimi, mlango wetu ukitazama ubavu wa ukumbi. Asubuhi tuliamshwa na king'ora cha karakana ya reli alikofanya kazi babu, kisha zikafuata kelele za ndoo kwenye mfereji, maana aliyechelewa foleni, nyanya alisema, atanawa uso kwa machozi yake. Jirani wa mlango wa pili alikaanga mandazi ya iliki, na iliki hiyo haikutoka mikononi mwake hata siku ya Jumapili. Jioni upepo wa kutoka Burma ulituletea harufu ya nyama choma ya watu wengine. Sisi tulikula githeri yetu, mahindi na maharagwe, kwa harufu hiyo, na babu alikuwa akiuliza nani kabakisha mfupa.

Kila mtu alipika mlangoni kwake. Nyuma ya ukumbi hakupika mtu. Pale moto uliwashwa kwa jambo moja tu, mtu wa mtaa akifa. Habari ikifika, mtunza ukumbi aliwasha moto uwanjani na kila nyumba ikaleta kipande chake cha kuni au cha makaa. Haukuzimwa mpaka gari la kupeleka maiti ushago, kijijini kwao, liondoke. Hata Waislamu wa safu ya nyuma, ambao huzika siku hiyo hiyo, walileta makaa yao, wakiketi na wenzao. Pafukapo moshi pana moto, wahenga walisema, lakini kwetu sisi watoto moshi ule ulikuwa na swali ndani yake. Ni wa nani?

Tulitoka shuleni kundi zima, tukichezea mawe na kutaniana, mpaka tukakaribia kona ya kinyozi. Ukipinda pale ndipo unaona paa la ukumbi. Kabla ya kupinda tulinyamaza wenyewe, bila kuambizana. Moshi usipokuwapo tulianza kukimbia na kupiga kelele, tumepona siku nyingine. Ukiwapo, kila mmoja alivuta mkoba wake kifuani na kuushika kwa mikono miwili.

Maana desturi ilikuwa hivi. Mtoto wa waliofiwa haambiwi njiani. Jirani mmoja hutoka, akampokea mkoba wake, akatangulia nao bila neno. Mkoba wako ukipokewa, ujue ni kwenu. Wanawake walikaa kando ya njia kwenye vibao vyao, wakatutazama tukipita, nasi tukawatazama mikono. Sijui kama umewahi kuuogopa mkono wa mama anayekupenda. Mimi nimeuogopa. Nyanya alikuwa na msemo, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli mkoba wa mwenzangu ulipochukuliwa nilihisi wangu umekuwa mwepesi, nikakimbia nyumbani nikamkumbatia babu hadi akauliza kama nimeiba sukari. Mwalimu wetu alidhani tunakumbatia mikoba kwa nidhamu, akatusifu mbele ya darasa.

Mkoba wangu babu mwenyewe alikuwa ameukata kutoka mguu wa ovaroli yake ya bluu, nyanya akaushona. Ulinuka mafuta ya mashine hata baada ya kufuliwa.

Siku yetu ilipofika moshi ulikuwa mwembamba, ndiyo kwanza umeanza. Jirani wa mandazi aliinuka. Nilimwona akifuta mikono kwenye leso, nikajiambia anamfuata mtu wa nyuma yangu, nikageuka kutazama, na nyuma yangu hakukuwa na mtu. Akashika ukanda wa mkoba. Nikaushika na mimi. Hakunivuta, hakunibembeleza, alingoja tu, na harufu ya iliki ikanijia puani mpaka vidole vikalegea vyenyewe. Babu alikuwa ameanguka pale karakanani kabla ya chakula cha mchana. Nilimkuta nyanya kwenye mkeka kando ya moto, akanipa kipande cha makaa mkononi, akasema, "Weka ya kwetu."

Sasa unajua. Ukumbi ule unalindwa na sheria kama jengo la kihistoria, na wenye mradi hawakuwa na ubaya nao, waliupenda hata. Watauwekea mikahawa na picha za zamani ukutani. Lakini ulinzi wenyewe unaanzia ukutani na kuishia ukutani. "Hapo nyuma si hakuna kitu," mkubwa wetu wa ofisi aliniambia, akigonga uwanja kwa kalamu. "Ni vumbi tu." Na hakusema uongo, maana majivu ya miaka yote yale yakikanyagwa huwa vumbi.

Nyanya alikuwa bado kwenye chumba kile kile. Nilikuwa nimemsihi ahamie kwangu, akakataa, akasema kwangu hakuna mtu wa kusalimia. Nilipomweleza kuhusu minara, na kwamba wapangaji wameahidiwa nyumba za ghorofa, hakuuliza vyumba vingapi wala maji yatafika juu vipi. Aliuliza, "Na mimi nikienda, moto yangu mtawasha wapi?" Nikamwambia nitauchora uwanja ubaki. Nikauchora. Nikausogeza mteremko wa magari upande wa barabara, nikaupigania kwenye kikao kimoja hadi kingine. Kikao cha mwisho walikubali kiwanja kidogo chenye mawe ya kukanyagia na miti ya kwenye vyungu. Moto hapana, moshi utachafua vioo. Siku chache baadaye uwanja ukazungushiwa mabati, na askari akawekwa kuulinda.

Niliogopa kumwambia. Nikajifanya nina kazi nyingi, kisha Jumamosi moja nikajikaza nikaenda, na mkate, na ndizi mbivu anazozipenda, na michoro ndani ya mkoba nimwonyeshe angalau ile miti. Kwa kinyozi siku hizi ni duka la simu. Nilipokaribia kona moyo ulinidunda kama zamani, nikapinda, nikatazama juu ya paa la ukumbi. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Nikashusha pumzi. Nikaanza kutembea haraka, nusura nikimbie.

Jirani wa mandazi alikuwa amesimama kando ya mabati. Amepinda mgongo sasa, anatembelea fimbo. Nilimsalimia kwa furaha, "Shikamoo, mama." Alinyoosha mkono.

"Leta mkoba, mami."

Nikauvuta kifuani. Nilitazama tena juu ya ukumbi, nikamwambia hapana, hakuna moshi, mbona hakuna moshi. "Askari alitukataza," akasema. "Na mambo kama hii haiambiwi mtu kwa simu." Akangoja, mkono wake ukinuka iliki, mpaka nikauachia mkoba.

Walikuwa wamewasha jiko moja mlangoni kwa nyanya, la kuchemshia chai, na watu wakawa wanapita wakitia kila mmoja kipande chake cha makaa, hadi jiko likafurika na vingine vikabaki sakafuni. Niliweka ya kwetu. Moshi wake haukufika hata kwenye paa.

Mabati yale bado yapo, na mashine zimeanza kuchimba. Wageni watakuja kuupiga picha ukumbi wetu katikati ya vioo, na utakuwa mzuri, nimeuchora mwenyewe. Lakini mimi, rafiki yangu, zamani niliogopa pale kwenye kona tu, na mbingu ikiwa safi niliruhusiwa kukimbia. Siku hizi naogopa kutoka asubuhi hadi jioni, maana hakuna tena kitu cha kunionyesha ni siku gani nisiogope.