Mvua Iliyofungwa kwa Udongo wa Kichuguu

Nilipokuwa mtoto wa kuweza kubeba ndoo ndogo bila kuimwaga, na bado nikiamini kila linalosemwa na mwanamume mwenye kanzu safi, kijiji chetu kilimshtaki bibi yangu kwamba amefunga mvua.

Bibi Somoe, mama yake mama, alikuwa Mmatumbi wa milimani aliyeolewa huku chini, nje kidogo ya Kibiti, kati ya Wandengereko. Mama alikuwa akilima mpunga bondeni, mimi nikalelewa na Bibi. Ardhi yetu ni mchanga mtupu. Mvua ikinyesha asubuhi, jioni ardhi imeshaisahau. Kwa hiyo Bibi alichimba mtaro kukata mteremko, ukaishia kwenye shimo pana. Shimo hilo alilikandika ndani kwa udongo wa kichuguu, akaukanyaga mpaka ukashikana kama chungu, akalifunika kwa makuti jua lisinywe maji. Kabla ya kuingia shimoni, maji yalipita kwenye kishimo kidogo, yakatulia, yakaacha mchanga wake hapo. Kazi yangu ilikuwa kuuchota mchanga huo. Niliichukia, na hata leo siipendi.

Alifundishwa na mama yake, na mama yake alifundishwa na vita. Wakati wa Maji Maji, maghala yalipochomwa moto na askari wa Mjerumani wakakaa kwenye chemchemi kuwasubiri wenye kiu, wanawake waliojificha msituni walikinga mvua kwenye mashimo ya namna hiyo, wakaotesha maboga na mtama vichakani. Wengi walikufa kwa njaa hata hivyo. Mama yake Bibi hakufa.

Bibi hakuwa mchoyo wa elimu hii. Kila aliyepita njia aliitwa aone. Bi Zainabu, jirani yetu, aliitwa mara nyingi kuliko wote, naye alicheka kila mara. Kichuguu ni nyumba ya mashetani, alisema, na Wamatumbi wamezoea kulala nayo. Bibi alimjibu kwamba Wandengereko wanaungoja mto uwaletee chakula mlangoni, kama mke anavyomngoja mume mvivu. Ulikuwa utani wa kila siku, na kama utani mwingi, haukumfundisha mtu kitu.

Mwaka ule mvua ya vuli ilinyesha mara moja tu, kwa nguvu, ikakata. Mto haukupanda. Mashamba yalikauka yote, isipokuwa mtama wa Bibi. Ulisimama kijani kibichi pembeni mwa njia, kila mtu auone. Hapo utani ukaisha.

Aliyeleta mashtaka alikuwa Mzee Mbonde. Babu yake, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa hongo, mmoja wa wajumbe waliotembeza dawa kutoka Ngarambe kijiji kwa kijiji, maji ya kugeuza risasi za Mjerumani. Risasi hazikugeuka. Watu walikwisha, na mjukuu wa aliyewanyunyizia maji hayo alipewa kiti cha mbele kwenye kila shughuli ya kijiji. Binti wa mwanamke aliyewalisha watu kwa maji ya shimoni aliitwa mchawi. Nimesoma mpaka sekondari na sijapata somo lililonieleza jambo hilo.

Walikuja alasiri, wanaume na majembe, wanawake nyuma yao wakiwa wamejifunga kanga kama waendao msibani. Mzee Mbonde alisema kwa upole, upole wa mtu ambaye jambo limeshakatwa, kwamba mvua haikati yenyewe, hukatwa. Kuna aliyechukua udongo wa kichuguu, akaitega, akainasa peke yake. Shimo limwagwe leo hii, au mwenye shimo arudi kwao milimani. Kabla hajamaliza, mwanamume mmoja alikuwa ameshasimama ukingoni na kuanza kuubomoa kwa jembe. Bonge la udongo liliangukia ndani, nikasikia maji yakilia chini ya makuti. Yale ndiyo maji ya kuufikisha mtama wetu kwenye kukomaa. Chakula kingine hatukuwa nacho, na bondeni kwa mama hakukuwa na kitu.

Nilimtazama Bibi nikingoja aape kwa Mungu kwamba hajafanya lolote. Yeye aliwatazama kama mtu anavyotazama kuku walioingia jikoni.

"Nimeifunga," alisema.

Jembe likasimama. Bi Zainabu alishika mdomo.

"Lakini ukibomoa hapo, baba, itatoroka isirudi mwaka huu wala mwakani. Mvua iliyofungwa haimwagwi, inagawanywa. Kila nyumba ichimbe shimo kama hili, likandikwe udongo huuhuu, lifunikwe. Itajiona inaitwa kila uwanja, italegea yenyewe."

Mzee Mbonde alifikiri. Hakuweza kukataa dawa mbele ya watu, maana dawa ndiyo iliyompa kiti chake. Akauliza wachimbaji waseme maneno gani wakati wa kuchimba.

"Wasiseme kitu. Wachimbe."

Walipoondoka Bibi alitaka kuingia ndani, akaishia kukaa kizingitini. Ndipo nikajua kwamba naye alikuwa ameogopa. "Miaka yote nawaambia kwa akili," alisema, "wananicheka. Leo nimewaambia kwa uchawi, wamekimbilia majembe. Nipe maji ninywe, mke mwenzangu."

Walichimba kijiji kizima, kimya kama wanafunzi wa chuoni mbele ya mwalimu wao, na Mzee Mbonde akipita kila uwanja kuchukua kuku wa kukamilisha dawa. Bibi hakumwomba hata paja. Sisi tulivuna mtama wetu. Masika ilikuja kwa wakati wake, kama inavyokuja ikitaka, mashimo yakajaa, na baada ya masika kukawa na mchicha na kunde hadi kwenye nyumba ambazo hazikuwahi kula mboga mbichi wakati wa kiangazi. Sifa zilikwenda kwa Mzee Mbonde.

Haikudumu. Watu walishika sana ukimya na kuku, wakaacha kishimo cha kunasa mchanga, kwa kuwa hakikutajwa kwenye dawa. Bibi alimwendea Bi Zainabu akamwambia achote mchanga kabla shimo halijafukiwa. Bi Zainabu alimjibu kwamba Mzee Mbonde hakusema hivyo. Baada ya misimu michache mashimo yao yalijaa mchanga mpaka mdomoni, mbuzi wakalala juu yake, na kijiji kikakubaliana kwamba dawa imeisha nguvu. Hakuna aliyechungulia ndani.

Sasa nina watoto wangu, na shimo langu mwenyewe lipo nyuma ya jiko. Juzi binti yake Bi Zainabu alikuja kuomba nimtengenezee lake. Nilimweleza mteremko, udongo, mchanga unavyotua. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaniangalia kama anayeangalia mtu aliyeficha kitu, akauliza, "Na dawa yenyewe, dada?" Nilimwambia hakuna. Akaaga. Nasikia amempata mtu wa dawa huko Ikwiriri.

Ningeweza kumtungia maneno matatu ya Kimatumbi, akachimba siku hiyohiyo. Bibi naye aliwatungia dawa na simlaumu. Alikuwa na mtoto wa kulisha na mtu alikuwa anabomoa shimo mbele ya macho yake. Lakini nimeona uongo ule ulivyofanya kazi: uliokoa mtama wa mwaka mmoja, ukawaacha watu wajinga kama ulivyowakuta, na juu ya hayo mashimo yaliyojaa mchanga. Mimi sina aliyenisimamia na jembe. Kwa hiyo akirudi nitamweleza tena habari ya mchanga, kwa mdomo uleule mchovu, na asipoelewa atakuwa amekosa mboga, lakini hatakuwa amedanganywa na mimi.